Hotuba juu ya Vibali vya Kuchimba Madini katika Ardhi ya Umma

(Iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa mwaka, Molo)



Halmashauri imetuagiza tueleze habari za vibali vya machimbo. Baadhi ya vijana wetu wanavunja mawe na kuchota kokoto katika ardhi ya umma pasipo karatasi yoyote, nao wazee kadhaa wameuliza: "Ikiwa nchi ni yetu, kibali ni cha nini?" Swali hili ni la haki, na lastahili jibu.

Yafaa kwanza tutenganishe mambo mawili: udongo tunaoulima, na kilichomo chini yake. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 62, yahesabu madini yote kuwa ardhi ya umma. Kwa hiyo hata mwenye hati ya shamba hapa Molo ni mwenye viazi na pareto yake, bali madini yaliyo chini ni amana mikononi mwa Serikali kwa ajili ya wananchi wote. Na mwenye amana hana budi kuijua, aulize habari zake.

Pili, tukumbuke yaliyowapata wenzetu wa Kakamega. Mwaka 1930 Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahakikishia Waafrika ardhi za hifadhi zao. Kipande kikitwaliwa, kingine cha ukubwa ule ule kingetolewa badala yake. Mwaka 1931 dhahabu ikaonekana. Desemba 1932 sheria ikageuzwa upesi, ardhi ipate kutwaliwa kwa fidia ya fedha tu, pasipo kuliuliza Baraza la wenyeji. Wazee wale walikuwa na haki, lakini hawakuwa na sauti pale sheria ilipoandikwa.

Sheria ya Madini ya 2016, iliyoifuta ile ya zamani, imefungua mlango. Kampuni kubwa huomba leseni ya kutafuta, kisha leseni ya kuchimba, ambayo yaweza kufika miaka 25. Mchimbaji wa mikono, akiwa raia aliyetimiza umri wa mtu mzima, huomba kibali kisichozidi miaka 3 katika ofisi ya kaunti, naye aweza kujiunga na wenzake katika kikundi au ushirika. Mawe, mchanga na kokoto za kujengea zimehesabiwa pia kuwa madini. Tena, penye ardhi ya umma, ni lazima kupata idhini ya mamlaka inayoisimamia.

Iko pia hesabu ya mrabaha. Katika kila shilingi 100, Serikali Kuu hupata 70, kaunti 20, na jamii ya mahali panapochimbwa 10. Nanyi mnapajua Kariandusi, karibu na Gilgil, ambako udongo mweupe wa diatomaiti umechimbwa tangu miaka ya 1940. Basi mambo haya si ya nchi za mbali. Lakini zile shilingi 10 zahitaji mkono wa kuzipokea, na jamii isiyojipanga haina mkono.

Kwa hiyo twaleta shauri hili. Vijana waandikishwe kuwa kikundi, na chama kiwasaidie kujaza fomu. Achimbaye bila kibali ni mkosaji mbele ya sheria. Akifukuzwa hana la kudai, na akifukiwa na mawe hakuna kitabu chenye jina lake. Vilevile tusiombe mahali penye chemchemi wala ndani ya Msitu wa Mau, maana Mto Molo huteremka hadi Ziwa Baringo, na wengi huko wanangoja maji yetu. Na kila shimo likishamaliza kazi lifukiwe, watoto na mifugo wasije wakaangamia.

Wazee wetu, neno sasa ni lenu: mtoe baraka, au mtuonyeshe njia iliyo bora. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.