Maadili ya madiwani: nani anasikiliza?

(Mazungumzo kwa Watanzania wa Riyadh na Jeddah, Al-Murabba)



Mmeniomba nizungumzie maadili ya madiwani. Najua wapo wanaojiuliza: sisi tuko Uarabuni, diwani wa kata anatuhusu nini? Anatuhusu sana. Wengi wetu tunachuma riyali, tunatuma nyumbani, na kitu cha kwanza tunachonunua ni kiwanja. Mchoro wa mipango miji, eneo la wazi kugeuzwa maduka, barabara ipite wapi, mambo hayo hupita kwenye kamati ya halmashauri ambayo wajumbe wake ni madiwani. Diwani mwenye shamba kando ya barabara inayochorwa akikaa kimya kikaoni, jasho lako la huku linaweza kuishia mfukoni mwake.

Hata neno lenyewe si geni masikioni mwenu. "Diwani" limetoka huku, likiwa na maana ya baraza, na pwani ya Mrima walikuwapo watawala walioitwa madiwani kabla ya Wajerumani kufika.

Tuanze na historia kidogo. Azimio la Arusha la 1967 lilimhesabu diwani kuwa kiongozi kama waziri na mbunge. Asiwe na hisa katika kampuni, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha. Azimio la Zanzibar la 1991 likalegeza masharti hayo. Kisha ikaja Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Na. 13 ya 1995, ambayo nayo inamhusu diwani. Tofauti ni kubwa. Zamani aliambiwa: usiwe nacho. Sasa anaambiwa: kuwa nacho, ila sema unacho. Atoe tamko la mali na madeni ndani ya siku 30 baada ya kushika madaraka, kila mwisho wa mwaka, na anapoondoka. Na sheria za serikali za mitaa za 1982 zinamtaka mwenye maslahi ya fedha katika mkataba unaojadiliwa ayataje, asichangie wala asipige kura.

Kwa hiyo maadili yote ya diwani leo yamesimama juu ya neno moja: kusema. Swali langu ni hili: anasema kwa nani?

Tamko linakwenda kwa Kamishna wa Maadili. Mwananchi wa kata halioni, mpaka aombe na kutimiza masharti. Ndani ya halmashauri, diwani akilalamikiwa husikilizwa na madiwani wenzake. Wahenga walishasema: kesi ya nyani, hakimu ngedere. Ongezeni uchaguzi wa 2020, ambapo mamia ya kata zilipata madiwani waliopita bila kupingwa, na halmashauri nyingi zikabaki mikononi mwa chama kimoja. Nani hapo atamnyooshea kidole mwenzake? Watu husema kanuni zetu hazina meno. Mimi nasema meno yapo, kinachokosekana ni masikio.

Tutazame hapa tulipo. Uchaguzi wa mabaraza ya manispaa ulianza Riyadh tarehe 10 Februari 2005, Jeddah ikafuata Aprili. Nusu ya wajumbe walichaguliwa, nusu wakateuliwa, na wanawake walisubiri hadi Desemba 2015. Tarehe 25 Novemba 2009, siku ya kwanza ya Hija, mvua ilishuka Jeddah, wakafa watu zaidi ya 100. Mifereji haikutosha, na nyumba zilikuwa zimejengwa kwenye njia za maji. Baraza lenye wajumbe wa kuchaguliwa lilikuwapo tayari, lakini nguvu yake juu ya manispaa ilikuwa ndogo. Mfalme Abdullah aliunda tume, na maofisa wakafikishwa mahakamani. Yaani maiti zilihesabiwa kwanza, mafaili yakafunguliwa baadaye. Sisi tusingoje tufike huko.

Tufanye nini, ndugu zangu?

Kwanza, kikao cha baraza la madiwani nyumbani kiko wazi kwa mujibu wa sheria. Yule ndugu unayemtumia fedha ya kiwanja, mtume na kikaoni. Akae, asikilize, aandike nani alitaja maslahi yake na nani alinyamaza.

Pili, kabla ya kununua, ulizia ofisi ya ardhi ya halmashauri: mchoro huu umeidhinishwa lini, na eneo lilikuwa la nini kabla yake? Usitosheke na neno la dalali.

Tatu, malalamiko yaandikwe. Ukiukwaji wa maadili upelekwe Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma, rushwa ipelekwe TAKUKURU. Taja jina, tarehe, kikao na namba ya kiwanja. Minong'ono ya WhatsApp haifunguliwi jalada.

Nisieleweke vibaya. Wapo madiwani waadilifu, wanaoamshwa usiku kupeleka mgonjwa hospitali, na posho yao ni ndogo. Na wapo wenzetu wa nje wanaowaharibu: wakitaka kibali kitoke haraka wanapiga simu, "mpeni chochote diwani". Anayetoa na anayepokea wote wana kesi chini ya Sheria Na. 11 ya 2007. Huwezi kulaani ufisadi ukiwa Riyadh na kuulipia ukiwa Riyadh.

Kura ya diwani hatupigi tukiwa huku. Lakini fedha yetu inaingia kwenye kata zao kila mwezi, na mwenye fedha yake ana haki ya kuuliza. Diwani akijua kuna watu wanaosikiliza, atasema. Akijua hakuna, hata umwandikie kanuni mia moja, atanyamaza.

Naomba kuwasilisha.