Kumuunga Mkono Mtu Shingo Upande
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia)



Mwaka 2008 chama cha Republican huko Marekani kilimsimamisha John McCain agombee urais. Wengi wa chama chake, watu wa kushikilia mila na kanisa, walimuunga mkono shingo upande. Walimheshimu, kwani alifungwa Vietnam zaidi ya miaka mitano. Lakini mwaka 2001 alikataa mpango wa chama wa kupunguza kodi, tena akashirikiana na wapinzani katika mambo ya wahamiaji. James Dobson, Mkristo aliyesikika sana redioni, alisema wazi kwamba hatampigia kura. McCain alipomteua Sarah Palin kuwa mgombea mwenza, Dobson akabadili nia. Hata hivyo, Barack Obama alishinda.

Na sisi je? Tunamchagua mweka hazina kwa makofi, halafu tunanung'unika njiani. Afadhali tumwambie palepale mkutanoni: "Tunakupa kura, lakini kitabu cha pesa tutakiona kila mwezi." Kuwa na shaka si usaliti. Shaka inayofichwa ndiyo inayovunja kikundi.