Kwato Zinapolishindilia Shamba



Wahenga walisema ng'ombe haelemewi na nunduye. Ni kweli. Lakini ardhi huelemewa na ng'ombe, na hilo ndilo ninalotaka tulizungumze wiki hii, hasa mimi na wewe uliyeko mjini huku una kibanja nyumbani Kagera.

Huko Bukoba na Muleba, Kishanda ikiwemo, ng'ombe ndiye aliyekijenga kibanja. Udongo wa asili umechujwa na mvua, ukabaki maskini. Wazee walimchunga ng'ombe kwenye rweya, yaani nyika ya majani, wakamrudisha jioni, na samadi yake ikaenda kwenye migomba na mibuni. Sotoka ilipofagia ng'ombe miaka ya 1890, nyumba hazikupoteza nyama na maziwa tu, zilipoteza na mbolea.

Leo watu wameongezeka na rweya imepungua. Basi mahindi yakishavunwa, ng'ombe huingizwa shambani kula mabua, au hufungwa kwa kamba kando ya migomba. Tunadhani tumepata samadi ya bure. Si ya bure, hasa kama mvua imenyesha.

Udongo mzuri ni kama sifongo: karibu nusu yake ni nafasi ndogo ndogo za hewa na maji. Ng'ombe wa kilo 300 huubeba uzito huo wote kwa kwato nne tu. Udongo mkavu huvumilia. Uliolowa hushindiliwa kama sakafu, zaidi katika sentimita 10 hadi 15 za juu, na mgomba mizizi yake ni ya juu juu. Maji hayazami tena. Hutiririka bondeni pamoja na samadi ile ile tuliyoifurahia.

Ukienda likizo, tazama baada ya mvua. Maji yakituama alipofungwa ng'ombe, na jembe likidunda, jua kwamba shamba limeumia.

Dawa yake ni ng'ombe kukaa bandani na kuletewa majani, kama wanavyofundishwa wanaopata ng'ombe wa mkopo, kopa ng'ombe lipa ng'ombe. Samadi ioze kwanza, ndipo ipelekwe shambani. Palipogandamana pachimbuliwe, pawekwe matandazo, minyoo iendeleze kazi. Kama hana budi kuingia shambani, aingie kiangazi.

Najua kukata majani ni kazi, na mara nyingi humwangukia mama au mtoto. Ndiyo maana nasema na wewe wa mjini: ukituma fedha za ng'ombe, tuma na za banda, na za kumlipa mkata majani. Kibanjani ndimo walimolala babu zetu. Tusiwaachie wajukuu kibanja kigumu kama barabara.