Kabla ya Kuinua Pikapu ya Shule

(Hotuba iliyotolewa na mhitimu mwenzetu katika mkutano wa wahitimu, Kahama. Inachapishwa kwa maombi ya wanachama.)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu, ndugu wahitimu wenzangu, na ninyi vijana wanafunzi,

Kamati ya maandalizi imenipa nafasi niseme juu ya jambo ambalo huenda likaonekana dogo mbele ya mkutano kama huu. Wanachama wamechanga fedha kwa ajili ya pikapu ya shule. Pendekezo lililoko mezani ni kuliinua gari hilo inchi 4, yaani milimita 100 hivi, na kulifunga tairi kubwa kuliko zile lililotoka nazo kiwandani. Nimeombwa kusema kwa sababu kazi yangu ya utumishi hunizungusha Ushetu na Msalala masika na kiangazi, na safari zenyewe huwa ni za pikapu.

Ndugu Mwenyekiti, gari hili ndilo linaloleta mahindi na maharage ya vijana hawa. Ndilo pia linalomkimbiza hospitali mwanafunzi anayeugua usiku. Kwa hiyo tusijiulize kama litapendeza barabarani. Tujiulize kama litafika, na kama litarudi na watu wake wazima.

Naelewa tamaa hii imetoka wapi. Tangu mgodi wa Bulyanhulu uanze uzalishaji mwaka 2001, na ule wa Buzwagi mwaka 2009 hadi ulipoacha uzalishaji mwaka 2021, macho yetu yamezoea kuona magari marefu yenye tairi pana. Kijana akipata fedha ya mpunga, tumbaku au dhahabu, la kwanza ni pikapu, la pili ni kuipandisha juu. Si vibaya. Lakini kila kitu kina hesabu yake, na hesabu hiyo ni ileile tuliyofundishwa katika madarasa haya.

Tuanze na ardhi yetu. Kwenye miinuko tunao udongo wa kichanga ambao wazee huuita luseni. Bondeni tunayo mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi na kuvimba ukinyeshewa. Kati ya Novemba na Aprili gari hukwama humo kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni tumbo la gari kukaa juu ya tuta lililo katikati ya njia, tairi zikabaki zinaelea. Namna ya pili ni tairi kukosa mshiko, meno yake yakajaa udongo na kuwa laini kama sabuni. Maradhi haya ni mawili, na dawa zake ni mbili.

Watu wengi hudhani kwamba kuinua springi kunainua gari lote. Sivyo. Springi huinua bodi na chesisi. Difu ya nyuma imekaa kwenye ekseli, na ekseli imekaa juu ya tairi. Hata ukiweka springi za kuinua milimita 100, difu itabaki palepale ilipokuwa, na katika njia zetu mara nyingi difu ndiyo inayogota kwanza. Kinachoinua difu ni tairi peke yake.

Je, tairi huiinua kiasi gani? Pikapu yetu imefungwa tairi za 265/65R17. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana huo, na ya tatu ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Vijana, chukueni kalamu. Kipenyo cha tairi hiyo ni milimita 776. Tairi inayopendekezwa, 285/70R17, ina kipenyo cha milimita 831. Tofauti ni milimita 55, lakini nusu yake tu ndiyo iliyo chini ya ekseli. Kwa hiyo difu itapanda milimita 27, unene wa vidole viwili vikiwekwa pamoja. Hiyo ndiyo faida yote, nasi tutailipia mahali pengine.

Malipo ya kwanza ni nguvu. Tairi hiyo imezidi kwa asilimia 7. Ni mkono mrefu zaidi wa wenzo. Injini itavuta kwa nguvu pungufu kwa kiasi hichohicho, na breki zilezile zitatakiwa kukazwa zaidi ili kusimamisha gari lilelile. Aliyebeba magunia akishuka mlima anaijua maana yake.

Malipo ya pili ni mwendo. Mshale wa spidi huhesabu mizunguko ya gurudumu, haujui kwamba tairi imebadilishwa. Ukisoma 100, gari linakwenda 107. Ukipita katikati ya makazi ukisoma 50 inayoruhusiwa, umeshaivuka. Na kilomita 1,000 zitakazoandikwa kwenye daftari la gari zitakuwa 1,070 za kweli. Oili itachelewa kumwagwa, na hesabu ya mafuta haitakubaliana na safari.

Malipo ya tatu ndiyo makubwa, nami naomba mnisikilize kwa makini. Gari hupinduka kwenye kona kulingana na nusu ya upana wa magurudumu yake ikigawanywa kwa kimo cha kitovu cha uzito. Tuchukue mfano. Upana uwe milimita 1,500 na kitovu kiwe milimita 700 kutoka chini. Jibu ni 1.07. Sasa kitovu kipande kwa milimita 100. Jibu linashuka hadi 0.94. Gari limepoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uthabiti wake, na bado hatujapakia gunia hata moja. Magunia yakipangwa juu ya kimo cha bodi, na watu wakakaa juu ya magunia, kitovu hupanda tena. Sote tumeona pikapu zimelala ubavu kando ya lami ya Isaka. Hapo hakuna tope. Mara nyingi huwa ni mwendo, kona na mzigo uliokaa juu.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu mbuga yenyewe. Tairi pana katika madigadi yaleyale hubakiza nafasi ndogo. Udongo wa mfinyanzi hunata, hupanda na tairi, hujaa ndani ya madigadi, na mwisho gurudumu hukataa kuzunguka. Ndiyo maana pikapu za Land Cruiser zilizofanya kazi vijijini kwa miaka mingi zilifungwa tairi nyembamba na ndefu za 7.50R16. Tairi nyembamba hukata tope la juu na kutafuta udongo mgumu ulio chini. Tairi pana husaidia zaidi kwenye mchanga.

Ndugu Mwenyekiti, baada ya kusema hayo, napendekeza fedha zetu zitumike hivi.

Kwanza, zinunuliwe tairi tano mpya, pamoja na ya akiba, za saizi ileile ya 265/65R17, zenye meno ya kufaa lami na tope. Zisiwe za mitumba. Mnunuzi asome tarakimu 4 za mwisho zilizochapwa ubavuni: 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Asome pia namba ya uzito: 112 maana yake tairi moja hubeba kilo 1,120.

Pili, springi pleti za nyuma zilizolegea zibadilishwe, ziwekwe zinazolingana na mzigo wa shule, na kuinuliwa kusizidi milimita 40 hadi 50, mbele na nyuma. Shokapu ziwe za urefu unaolingana na springi hizo. Vipande vya chuma vya kuchomelewa mtaani tuvikatae. Baada ya kazi, alaimenti ifanywe na breki zikaguliwe, na kampuni ya bima iarifiwe kwa maandishi.

Tatu, ndani ya gari ziwemo chepe, mbao mbili, kamba ya kuvutia na pampu. Dereva akifika kwenye tope, aweke fowili kabla ya kuingia, si baada ya kuzama. Akiwa hana mzigo mzito anaweza kupunguza upepo hadi paundi 25, apite polepole, kisha ajaze tena kabla ya kurudi kwenye lami.

Nne, na hili halihitaji fedha, mwanafunzi asipande nyuma ya pikapu, awe mzima au mgonjwa. Gari letu ni dabo kabini. Mgonjwa na mlezi wake wakae ndani, wafunge mikanda.

Kwa wanachama wenye magari yao yanayokwenda machimboni Msalala na Geita, atakaye kuongeza tairi basi apande hatua moja tu, 265/70R17. Difu itapanda milimita 13 na spidi itadanganya kwa asilimia 3 tu. Atakayezidi hapo ajiandae kugharamia breki, na pengine meno ya difu.

Vijana wanafunzi, mmeona kwamba wenzo na kitovu cha uzito havikuwekwa katika silabasi ili kuwachosha. Siku moja mtaajiri fundi, naye atawaambia bei. Hesabu mtapiga wenyewe.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.