Figo Siyo Jina la Ugonjwa



Kwa miaka mingi nimesoma matangazo ya vifo hapa studio, na kuna maneno nimeyasoma mpaka nikaanza kuyaogopa: "amefariki baada ya kuugua figo." Mtaani nako utasikia, "Jirani yetu ana figo." Kila mmoja wetu anazo, tena mbili! Mpelekee fundi gari umwambie lina injini, uone atakavyokutazama.

Nina sababu ya kulivalia njuga jambo hili. Mwaka 2011 baba yangu mdogo alitoka hospitali moja na kadi iliyoandikwa maneno matatu tu: "ugonjwa wa figo". Alirudi nyumbani akasema, "Mwanangu, mimi siponi." Ukoo ukakaa kikao cha kuuza shamba ili zipatikane fedha za kusafisha damu kwa mashine. Ilipita miezi saba ya dawa za mizizi na maombi. Ndipo daktari mwingine akampiga picha ya altrasaundi. Lilikuwa jiwe, limekwama katika mrija wa kushoto unaoteremsha mkojo kutoka kwenye figo hadi kibofuni. Mkojo ulirudi nyuma ukaivimbisha figo. Jiwe lilitolewa, lakini figo ile ilikuwa imekwisha. Anaishi na moja.

Simlaumu sana aliyeandika kadi. Foleni ilikuwa ndefu na mashine ya picha ilikuwa mbovu. Hata wakubwa wa fani walipita njia hiyo. Kuanzia mwaka 1827, Dakta Richard Bright wa London aliandika habari za wagonjwa waliovimba mwili na mkojo wao ukawa na protini. Kwa muda mrefu baada yake, maradhi mengi tofauti yaliitwa kwa jina moja, "ugonjwa wa Bright".

Leo Shirika la Afya Duniani lina kitabu cha kuyapanga maradhi yote kwa herufi na namba. Toleo la 11 lilianza kazi Januari 2022, ila mimi nililolisoma ni la 10, lililopitishwa mwaka 1990. Humo maradhi ya figo yamo chini ya herufi N. N17 ni figo kushindwa kazi ghafla, pengine kwa kuharisha sana, kutoka damu nyingi wakati wa kujifungua, au malaria kali. Huyu akiwahiwa, figo zinaweza kurudi kazini. N18 ni ugonjwa sugu, uliokaa miezi 3 au zaidi. Huo kwa kawaida haurudi nyuma, ila unaweza kucheleweshwa kwa kudhibiti sukari na shinikizo la damu. N20 ni mawe, na hata hapo wametenganisha: N20.0 ni jiwe lililo ndani ya figo, N20.1 ni la mrijani.

Mengine hata hayamo kwenye N. Saratani ya figo ni C64. Kifua kikuu cha figo kimewekwa pamoja na kifua kikuu kingine. Na kichocho, ambacho watu wa pwani na wa kando ya Ziwa Victoria tunakijua tangu utoto, kinaweza kuiziba mirija ileile na kuharibu figo polepole, lakini utakikuta kwenye B65.

Halafu ipo N28.9: ugonjwa wa figo na mrija wa mkojo, aina haikutajwa. Hili ndilo kapu la kadi kama ile. Anayepanga bajeti ya afya huhesabu kadi hizo. Kapu likijaa, atajuaje anunue mashine za kusafisha damu, apeleke daktari wa kutoa mawe, au agawe dawa za kichocho shuleni?

Kwa hiyo ukiambiwa "una figo", usiondoke. Uliza ni ya ghafla au sugu, kuna kilichoziba, na kipimo gani kimeonyesha hivyo. Daktari mzuri hatachukia.

Nilimpigia baba mdogo kumwomba ruhusa ya kumtaja. Alicheka, akakubali, kisha akaniambia nisisahau jambo moja: maumivu yake yalikuwa ya upande mmoja tu, yakishuka kuelekea kinenani, na siku ile hospitalini hakuna aliyemuuliza.