Pesa ya labo tunalipa, labo iko wapi?



Mumetuita tuseme juu ya programu ya masomo ya informatiki, zaidi sana juu ya hii somo mpya ya kompyuta ya wingu. Kuko wenye kuuliza: vijana wa harakati za raia wanatafuta nini mu mambo ya seva? Jibu letu ni fupi. Pale mzazi anatoa pesa na mtoto anatoka na diploma bila kujua kazi, ile ni shida ya raia wote.

Wingu haiko mbinguni. Ni kompyuta za kampuni fulani, ziko ndani ya nyumba yenye umeme wa kudumu, fasi ya mbali. Unakodi kipande kupitia intaneti na unalipa kile umetumia. Microsoft ilifungua vituo vyake Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020, Google ikafuata Johannesburg mwaka 2024. Kwetu Congo, hizo kampuni tatu hazina kituo cha namna ile. Lakini ndani ya mashine kama zile kunatumika tantali, na tantali inatoka mu koltani, ile watu wanachimba Rubaya. Udongo wetu umefika ndani ya seva. Mwanafunzi wetu bado.

Na sisi wa Goma tuko na sababu ya kujua hii kazi. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka tena, na siku tano nyuma yake tukaambiwa tuhame. Kama pointi zako zote ziko mu kabati moja, ao mu kompyuta moja ya ofisi, siku ile miaka yako ya shule inaenda. Kopi moja iwekwe mbali. Lakini mbali peke haitoshi: nyuma ya uchaguzi wa Desemba 2018, intaneti ilikatwa mu inchi nzima karibu siku 20. Kopi ingine ibakie karibu. Mwanafunzi afundishwe zote mbili.

Leo inafundishwa namna gani? Kati yetu kuko waliofanya hii somo. Waliandika aina tatu za huduma za wingu, wakazirudisha vile vile ku egzamini, wakapata pointi. Hawakuwasha seva hata moja. Umeme ulikuwa haupo, mega ni bei, na kampuni zinaomba karte ya banki hata kwa kujaribu bure. Mwanafunzi gani hapa iko na karte ya banki?

Njo maana tunaomba programu itengenezwe kuanzia kile tuko nacho.

Ya kwanza, Linux na rezo. Bila hii msingi, wingu inabakia maneno.

Ya pili, wingu ndogo ndani ya chuo. Kompyuta tatu ao ine za zamani, swichi moja, na programu za bure kama Proxmox na Nextcloud. Zikisha kuwekwa, kazi inaendelea bila intaneti. Mwanafunzi agawanye mashine moja kuwa tatu, moja aizime kwa nguvu, kisha arudishe kilichopotea. Pale njo atajua.

Ya tatu, hesabu. Seva uliyosahau kuzima inaendelea kuhesabu dola usiku kucha. Mwanafunzi apige ile hesabu, ailinganishe na mafuta ya jenereta, aseme gani inafaa kwa hospitali ao kwa duka.

Ya ine, sheria. Tuko na Kode ya Numeriki ya tarehe 13 Machi 2023. Mwanafunzi ajue habari za mgonjwa zinalala inchi gani, na nani anaweza kuzifungua.

Ya tano, egzamini. Nusu ya pointi itolewe mbele ya mashine.

Wengine watasema hakuna saa. Lakini LMD, iliyoanza kwetu mwaka wa masomo 2021-2022, inahesabu kredi, na ndani ya kredi muko pia kazi ya mwanafunzi mwenyewe. Fasi iko.

Hatulaumu waalimu. Mwalimu asiyelipwa vizuri anauza silabusi juu watoto wake wakule. Swali letu linaenda kwa wenye kukusanya pesa ya labo. Munakumbuka RAM? Tuliipinga mpaka ikaondolewa mwaka 2022, juu tulilipa bila kuona kile tunalipia. Hapa ni swali lile lile.

Kwa hiyo tunaomba mambo tatu: wajumbe wa wanafunzi wakae mu kikao cha kutengeneza hii programu, orodha ya vifaa vya labo na bei yake ibandikwe ku mlango mbele mwaka uanze, na TP ianze wiki ya kwanza, si wiki ya mwisho.

Sisi pia hatukuji mikono mitupu. Kompyuta za zamani zimelala mu ofisi nyingi za huu mji. Tutazunguka kuziomba, na wale kati yetu wanaojua kutengeneza watazitengeneza pamoja nanyi. Chuo kitoe chumba, ufunguo na umeme.