Fumbo Lisilo na Tarehe

Mtambaji akisema “paukwa” nasi tukaitika “pakawa,” huwa tunaamini kwamba yeye anaujua mwisho wa hadithi. Kwenye televisheni, imani hiyo mara nyingi haina msingi.

Tuchukue Lost, tamthilia ya Marekani iliyoanza kurushwa na kituo cha ABC mwaka 2004. Ndege inaanguka kisiwani, na kila juma fumbo jipya linazaliwa juu ya jingine. Watazamaji wakaanza kuulizana: hivi hawa waandishi wanajua waendako?

Swali lilikuwa la haki, ila lawama si ya waandishi peke yao. Tamthilia inayopendwa huleta matangazo, na kituo hakitaki chemchemi hiyo ikauke. Mwandishi asiyejua kama amebakiwa na sehemu kumi au mia hafungui fumbo, hulizungusha. Ndiyo maana Damon Lindelof na Carlton Cuse, waliosimamia uandishi wa Lost, walidai tarehe ya mwisho. Mwaka 2007 ABC ikakubali: sehemu 48 zaidi, kisha tamati mwaka 2010. Hadithi ikapata mwelekeo, ingawa mwisho wake unabishaniwa hadi leo.

Kubuni njiani si dhambi. Katika tamthilia nyingine, Twin Peaks, sura ya mpambaji wa seti, Frank Silva, ilinaswa na kamera kwenye kioo kwa bahati mbaya. Mwongozaji David Lynch akamfanya kuwa uovu wenyewe wa hadithi. Dhambi ni kuahidi jibu usilolitafuta. Anayefunga fundo akumbuke kuna watu wamekaa wakisubiri lifunguliwe.